Klampu mita imenionyesha nani ananyonya betri ya Corolla yangu

Wadau, karibuni. Leo nimevurugwa. Hii Corolla 110 ya 1998 ikilala siku mbili, asubuhi haiwaki. Betri nimebadilisha. Fundi akasema alterneta, nikanunua alterneta. Wapi! Sasa nimemleta huyu mnyama, klampu mita, ile mita ya umeme inayopima kwa kuung'ata waya. Chapa sitaji, hawajanipa hata kofia.

Volti, omu, ule mlio wa kupima waya, mnavijua, naruka. Nilichofuata ni huu mdomo. Sogeeni. Unaufungua, unaung'ata waya wa hasi wa betri, basi, terminali sijaigusa. Kwa mita ya kawaida ungefungua terminali, uiunge mita katikati, na ukijisahau ukapiga stata, fyuzi ya mita kwaheri.

Ila kabla ya kung'ata kuna hiki kitufe cha sifuri, na hapa ndipo wananikera. Nabonyeza: sifuri. Nageuza mkono hivi… 0.02! Haijashika waya wowote! Inasikia sumaku ya dunia. Kwa hiyo mkono uuweke mkao uleule wa kupimia, ndiyo ubonyeze. Narudia… sifuri. Haya, ng'ata.

0.45! Ampea hizo. Gari imezimwa, milango imefungwa, funguo ninayo mfukoni. Ilitakiwa iwe chini ya 0.05, ya saa na kumbukumbu ya redio. Betri yangu ni saizi ya NS60, 45Ah, yaani ampea moja kwa saa 45. Kwa ulaji huu saa 100 imekauka kabisa, na stata inagoma mapema zaidi.



Boksi la fyuzi liko huku chini ya boneti, kwa hiyo mlango sifungui, nisije nikawasha taa mwenyewe. Nachomoa ya honi… 0.45. Ya taa kubwa… 0.45. Hii iliyoandikwa DOME… 0.03! Mmeona ilivyoanguka? Taa za ndani hizo. Lakini ya juu imezima, naiona kwa kioo.

Fyuzi nairudisha. Simu naiacha inarekodi ndani ya buti, nafunga. Tazameni hii: buti limefungwa na taa inawaka! Balbu ya wati 5, ndiyo hiyo 0.42 iliyopotea. Swichi ya buti imekwama. Kiswichi, jamani, na mimi nimenunua alterneta.

Mita hii nimeichukua Gerezani, Dar es Salaam, shilingi 80,000. Zipo za 35,000, lakini nyingi zinapima ampea za AC tu, umeme wa nyumbani, umeme wa betri zinauangalia hivihivi. Mwambie muuzaji aing'atishe kwenye waya wa betri mbele yako, taa za gari zikiwaka. Ikikaa sifuri, irudishe rafu. Ile sifuri ya kuhamahama nilitaka kuitoa maksi, lakini nimeshaisamehe.

Balbu nimeichomoa kwa sasa. Kesho saa kumi na mbili nawasha gari mkiona. Nisipotokea, nipo kituoni nasubiri daladala.