Siku tatu kwa baiskeli ya kukodi, kutoka Mbeya hadi Matema

Mwishoni mwa mwezi Mei nilikodi baiskeli pamoja na kiongozi wa njia kutoka kwa wakala mmoja wa safari jijini Mbeya. Nililipa shilingi 285,000 kwa siku tatu, kiasi kilichojumuisha baiskeli yenyewe, kofia ngumu, mifuko miwili ya kuning'iniza kwenye keria, huduma ya kiongozi na malazi ya usiku mbili. Chakula nilijigharamia mwenyewe. Tulipita Uyole, tukavuka milima ya Uporoto, tukateremka bonde la mto Kiwira hadi Tukuyu, kisha tukaendelea kwa njia ya Masoko na Ipinda mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jina la wakala silitaji, kwa kuwa kasoro kubwa niliyoikuta kwenye breki nilimweleza ana kwa ana naye akaipokea vizuri. Naiandika hapa kwa sababu inaweza kumkuta mtu yeyote anayekodi baiskeli katika nyanda hizi, na inaweza kumgharimu maisha.

Nianze na kilichonifurahisha. Baiskeli niliyopewa ilikuwa na fremu ya chuma, tairi pana za inchi 26 na spoki 36 katika gurudumu la nyuma, idadi ambayo mtu aliyewahi kubeba mzigo kwenye barabara ya mawe ataithamini mara moja. Gia zake zilikuwa 24. Jambo la maana zaidi kuliko idadi hiyo ni kwamba gurudumu la meno la mbele lililo dogo kabisa lilikuwa na meno 22 na la nyuma lililo kubwa kabisa meno 34, hivyo mzunguko mmoja wa pedali uliisogeza baiskeli chini ya mita moja na nusu. Asiyepanda milima ataona ni mwendo wa kobe, lakini kutoka Uyole kupitia Igawilo hadi Isongole barabara inapanda karibu bila kupumzika mpaka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na gia hiyo ndiyo iliyoniwezesha kufika juu nikiwa bado nimekaa kwenye kiti, nazungumza, badala ya kuikokota baiskeli pembeni mwa barabara huku malori yanayokwenda mpakani Kasumulu yakinipita. Lami yenyewe ni nzuri, ila bega lake ni jembamba, na wakala anastahili sifa kwa kutuondoa mjini saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajawa mengi.

Juu Isongole kulikuwa na ukungu na baridi iliyopenya koti. Wanawake waliokuwa wakipanga viazi mviringo kwenye ndoo kando ya barabara walitusalimu, na kiongozi wetu, kijana wa Kinyakyusa aliyekulia karibu na Kiwira, alisimama akawaamkia kila mmoja kabla ya kununua mahindi ya kuchoma. Huyu kijana, kwa maoni yangu, ndiye aliyeipa huduma hii thamani yake. Wakati wote aliniita mzee, nami nikamwita mdogo wangu, na hakuchoka kunieleza tulichokuwa tukikiona. Tulipoanza kuuona mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960, aliniambia habari ya kipunji, tumbili ambaye wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani lakini wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 tu, na ambaye hadi sasa anajulikana kuishi katika misitu ya Rungwe na Kitulo kwa upande wetu, na katika kipande kidogo cha msitu wa Udzungwa. Niliyajua hayo kwa juujuu. Yeye aliyajua kama mtu anayezungumzia majirani. Alijua pia ni kisima gani kina maji ya kunywa, ni kona ipi ina mchanga uliomwagika kutoka kwenye malori, na ni fundi yupi wa Tukuyu mwenye tyubu za inchi 26 zisizo na viraka.

Usiku wa kwanza tulilala Kiwira katika nyumba ya wageni ya kawaida, safi, yenye maji ya moto ya ndoo. Asubuhi tuliiacha barabara kuu tukaenda Daraja la Mungu, upinde wa mwamba uliotokana na volkano unaovuka mto Kiwira, na huko wakala alikuwa ametupangia muda wa kutosha, jambo ambalo mashirika mengi ya safari huliharibu kwa haraka. Tulikaa kwa muda mrefu tukiangalia maji yakipita chini ya jiwe, kisha tukarudi barabarani kupitia migomba na vishamba vya chai. Kutoka hapo hadi Tukuyu ni safari fupi ya kupanda na kushuka, na sina mengi ya kuieleza isipokuwa kwamba mtindi na ndizi za kuchemsha nilizokula pale sokoni vilinitosha mpaka jioni.

Sasa nifike kwenye breki.

Baiskeli hii ilifungwa breki za kawaida, zile ambazo raba mbili hubana rimu kutoka pande zote mbili. Breki za aina hii si mbaya. Fundi yeyote kijijini anazifahamu na vipuri vyake vinapatikana hata kwenye duka la bati. Tatizo ni kwamba kabla ya kuondoka Mbeya, mfanyakazi wa wakala alijaza upepo, akapaka mnyororo mafuta, akanionyesha gia zote 24 moja baada ya nyingine kwa fahari, lakini hakuna aliyeinama kuziangalia raba. Mimi pia sikuinama. Siku ya kwanza, tulipoanza kuteremka kutoka Isongole katika manyunyu, niligundua kwamba nikibonyeza breki baiskeli inaendelea kwenda kwa sekunde kadhaa kabla ya kushika, na nikadhani ni kwa sababu rimu imelowa, kwa kuwa ni kweli kwamba rimu iliyolowa huchelewesha breki. Siku ya tatu, katika mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Masoko, juu ya barabara kavu, nilisikia sauti ya chuma kikikwaruza chuma. Raba ya nyuma ya upande wa kushoto ilikuwa imekwisha kabisa, na kile kishikio chake kilikuwa kinachimba rimu.

Naomba msomaji afikirie ukubwa wa kazi inayofanywa na vile vipande vinne vya mpira. Mtu, baiskeli na mzigo wake vikiwa na uzito wa kilo 100, kuteremka kutoka urefu wa mita 2,000 hadi mita 500 hutoa nishati ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji ya baridi. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo unaompiga mwendeshaji na sehemu hupotea katika vilima vidogo vya njiani, lakini kiasi kikubwa, hasa kwa mwendeshaji mwoga kama inavyompasa mgeni wa njia kuwa, hugeuka kuwa joto kwenye rimu na raba. Mtu akibana breki mfululizo bila kuachia, rimu inaweza kupata joto la kuipasua tyubu. Ndiyo maana kiongozi alinifundisha kubonyeza kwa nguvu kwa muda mfupi, kuachia, kisha kubonyeza tena, nikitumia breki zote mbili na kurudisha mwili nyuma ya kiti. Mafunzo hayo yalikuwa mazuri na aliyatoa kwa upole. Hata hivyo, mafunzo hayawezi kuwa badala ya raba.

Kiongozi alikuwa na jozi moja ya akiba kwenye mkoba wake, akaifunga pale pale kando ya barabara kwa muda usiozidi robo saa, akainyoosha kwa jicho ili isiguse tairi, na tukaendelea. Nilipomwuliza ingekuwaje kama na za mbele zingekwisha, alisema tungetembea kwa miguu mpaka Ipinda. Jibu hilo la kweli lilinifanya nimheshimu zaidi, na likanifanya nimlaumu zaidi mwajiri wake, ambaye anauza safari ya mteremko wa zaidi ya mita 1,500 akiwa ametoa jozi moja tu ya akiba kwa baiskeli mbili.

Masoko tulipumzika kando ya Ziwa Kisiba, ambalo limo ndani ya shimo la volkano ya kale na maji yake yana rangi ya kijani iliyokolea. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walitupa humo mali zao wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kuanzia hapo hewa ilibadilika kila baada ya kilomita chache: koti likavuliwa, kisha sweta, migomba ikachanganyika na mikakao, na tulipofika tambarare tukajikuta kati ya mashamba ya mpunga huku milima ya Livingstone ikiwa imesimama mbele yetu kama ukuta. Ni nadra sana kupata njia ambayo katika siku moja inamtoa mtu kwenye baridi ya chai na kumfikisha kwenye joto la mchele, na wakala aliyebuni mpangilio huu anaijua nchi yake. Barabara ya vumbi katika sehemu hiyo ilikuwa na mashimo ya mvua za masika, lakini tairi pana ziliyamudu, na mifuko ya keria haikuchomoka hata mara moja, ingawa mmoja uliingiza maji kidogo kwenye mshono na kulowesha daftari langu.

Matema nilikula wali wa Kyela na mbasa wa kuchoma, na jioni nikanunua chungu kidogo kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa ameleta vyungu kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Baiskeli ilirudishwa Mbeya kwa gari, kama mkataba ulivyosema, bila malipo ya ziada.

Kwa atakayependa kuichukua safari hii, nashauri achague kati ya Juni na Oktoba, abebe nguo za baridi kali pamoja na za joto, na asilipe mpaka ainame mwenyewe akague raba zote nne. Raba nzuri huwa na mifereji inayoonekana usoni. Ikiwa mifereji imefutika, adai mpya kabla ya kupanda baiskeli. Adai pia jozi mbili za akiba kwa kila baiskeli, na kebo moja ya breki. Niliporudi ofisini kwa wakala nilimwekea mezani ile raba iliyokwisha, akaishika, akaigeuza, akaniomba radhi, kisha akamwita mfanyakazi wake aiangalie. Nimeshaweka nafasi ya mwezi Agosti kwa ajili yangu na ndugu yangu mdogo, kwa njia ileile na kiongozi yuleyule, kwa sharti lililoandikwa kwenye risiti kwamba raba zitabadilishwa Tukuyu, asubuhi ya siku ya tatu, kabla hatujaanza kushuka.