Kioo cha Galaxy A51: kabla fundi hajapaka gundi, tafuta kivuli

Mwezi uliopita nilibadilisha kioo cha A51 yangu Kariakoo, laki na arobaini, nikahakikishiwa ni OG, yaani kioo halisi cha Samsung. Usiku nikafungua picha ya kijivu. Chini kabisa kibodi ya mtu mwingine imejichora, herufi kwa herufi, rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Kioo kilitolewa kwenye simu iliyokwishatumika.

Kwa hiyo leo sigusi ung'avu wala mikwaruzo. Nataka uangalie kivuli, yaani alama ya picha ya zamani iliyobaki kwenye kioo. Kioo cha AMOLED, kama hiki cha A51, hakina taa nyuma. Kila nukta inawaka yenyewe, na kadiri inavyowaka ndivyo inavyochakaa. Bluu ndiyo hutangulia kuchoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1990 walipoonyesha polima, aina ya plastiki, ikiwaka kwa umeme, mwanga ulitoka wa kijani cha manjano. Bluu ya kudumu imewasumbua wataalamu miaka yote, hata kwenye molekuli ndogo zinazotumika kwenye simu zetu badala ya polima. Ikififia, sehemu ile hubaki na umanjano, na hakuna fundi wa kuufuta.

Ukitaka kubadilisha kioo, namba moja kwangu ni kioo kipya cha Samsung chenyewe, kinachokuja na fremu yake. Naipenda Samsung na sifichi: rangi zimetulia, alama ya kidole inasoma, na fundi habandui chochote kwenye fremu ya zamani. Jibane ukinunue.

Namba mbili, OLED mpya ya kopi, yaani kioo cha nukta zinazojiwakia vilevile ila hakikutengenezwa na Samsung. Rangi zinakolea mno, lakini angalau hakijamtumikia mtu.

Namba tatu, OG ya mtumba, na hapo usione haya. Kiunganishwe kwenye simu kabla ya gundi, fungua picha ya kijivu ijae kioo chote, shusha mwanga hadi nusu, kaa pasipo na jua. Tazama kona ya betri juu, kisha eneo la kibodi.

TFT, kioo cha bei nafuu chenye taa nyuma, haishiki kivuli namna hiyo, ila kwenye A51 inaua alama ya kidole. Basi.

Kinachoniuma ni hilo neno OG. Niliomba kukiona kikiwaka kabla hakijabandikwa, nikaambiwa wateja ni wengi. Niliporudi kesho yake, nikaambiwa gundi ikishakauka hakirudishwi. Kipya kilikuwa kwenye kabati lilelile, kimezidi elfu thelathini tu, na hakuna aliyenitajia.