Gereji ya jua kali Obote Road, Kisumu: wanabadilisha oili, hawakuuzii uoga

Kama uko Kisumu na unataka sevisi ya kawaida bila kutoka na bili ya kukutoa machozi, hii ya Obote Road ndio nimetulia nayo. Haina bango, ni mabati tu na shimo la kuingilia chini ya gari, lakini kazi yao naiamini.

Kwanza unasimama hapo hapo na gari yako, hakuna mambo ya kupelekwa kwa ofisi ukae uangalie tivi. Fundi anavuta dipstiki anakuonyesha, anafungua nati ya chini oili inamwagika kwa beseni, filta ya zamani anaiweka mahali utaiona. Mimi huenda na oili yangu, 5W-30 ya lita nne, na hakununa, alinilipisha kazi tu shilingi 500. Gari ni Fielder ya injini ya 1NZ, hiyo pamoja na filta inakunywa kama lita 3.7, sasa ile kidogo ilibaki akaifunga vizuri akanirudishia bila kuulizwa.

Kuna pahali pengine huko taoni, pasafi, vijana wamevaa ovaroli zinafanana, nilienda oili peke yake wakaanza: flashi ya injini, kuosha injekta, plagi zimeisha, halafu eti taiming belti lazima itoke kwa sababu nimepita kilomita laki moja. Jamani, 1NZ haina taiming belti! Ina cheni, na cheni haina hiyo ratiba ya laki moja, ukiweka oili kwa wakati inakaa sana. Belti yenye iko ni ile ya nje ya altaneta, na hiyo ikianza kupasuka unaiona kwa macho. Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja mzee alikuwa hapo na Vitz, anaambiwa maneno yale yale, na Vitz pia ni cheni, yeye anaitikia tu. Nikamwambia mama, kabla ulipe waambie wakuonyeshe hiyo belti iko wapi.

Sisemi kila ushauri ni wizi. Brek fluidi kweli inanyonya unyevu, na kila miaka miwili hivi inafaa kutolewa. Tofauti ni kama mtu amekuonyesha ama amekutisha. Huyu wa Obote nilimuuliza brek pedi, akatoa tairi, akamulika na tochi akaniita, "Bosi angalia, hii bado iko na nyama, tuicheki sevisi ijayo." Pedi ikifika milimita tatu hivi ndio unaitoa, yangu ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo, na angesema imeisha ningelipa tu. Ea klina ndio aliikataa, aliigonga ikatoa vumbi jekundu, akaiinua kwa jua mwanga haupiti kabisa. Hiyo nikanunua mpya hapo hapo na roho safi.

Risiti uiombe mwenyewe, atakuandikia kilomita na aina ya oili. Jumamosi usijaribu, Probox zinapanga laini kutoka asubuhi. Nyota nne kwa tano, moja nimetoa kwa sababu hakuna kivuli wala choo, na mtu akija na watoto anateseka.