Gari ya kugeuza kempa: Hiace, Caravan, Noah au TownAce, ipi inunuliwe kwanza?

Wadau, kama unatafuta gari uigeuze kempa, yaani kitanda, jiko na friji humo humo, af uzunguke nayo Lushoto, Pangani, Iringa mpaka Matema, chukua futi kamba kabla hujachukua hela. Wengi wanachagua gari kwa jina au kwa cc, ikishafika ndo wanaanza kujiuliza kitanda kikae wapi. Mi nasema lala kwanza kwenye sakafu pale pale yadi, mlango ukiwa umefungwa, muuzaji akishangaa mwache ashangae, kama miguu inakunja hiyo gari sio yako hata bei iwe nzuri vipi.

Kwenye orodha hii kipimo changu kikubwa ni kimoja: kitanda kikishakaa mahali pake bila kukunjwa kila asubuhi, inabaki nafasi gani ya kupika na kuweka vitu. Spea na barabara zetu zinafuata baada ya hapo.

Namba 1: Hiace Long, DX ya mizigo

Naongelea hii bodi iliyotoka 2004, Kenya wanaiita box. Kwa nje ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695, yaani kichochoro anachopita mwenye Noah na wewe unapita, ila ile ya mizigo yenye siti za mbele tu inakupa sakafu ya kama mita 3 na upana wa mita 1.5 hivi. Hakuna gari ya saizi hiyo mtaani kwetu inayokupa sakafu hiyo pamoja na spea kila mji, hata ukikwama Makambako fundi wa Hiace hakosekani.

Sasa piga hesabu ya hiyo mita 3. Kitanda cha sentimita 190 kikae kwa urefu wa gari huko nyuma, inabaki sentimita 110 kati ya kitanda na siti ya dereva, hapo ndo kabati la jiko linakaa, upande wa kulia, kwa sababu mlango wa kuvuta kwenye hizi gari za Japani kwa kawaida uko kushoto na hutaki kuuziba. Kulala kwa upana sahau, mita 1.5 haimtoshi mtu mzima na bado hujapiga mbao ukutani.

Kinachowaharibia wengi ni kimo. Bodi ya chini, yaani yenye paa fupi, ndani ina kama sentimita 133 tu, na mtu mzima akikaa kitandani anahitaji kama 90 kichwa kisigonge. Toa godoro la sentimita 10, toa dari sentimita 3, unaona fremu ya kitanda haiwezi kuzidi sentimita 30. Mafundi seremala wetu wamezoea kitanda cha nyumbani, ukimwachia atakupandishia 45 ili uweke masanduku makubwa chini, matokeo yake unaishi kwenye gari ukiwa umeinama. Mwandikie 30 kwa chaki kwenye bodi kabisa, af nunua maboksi ya plastiki yasiyozidi 28 yaingie chini kwa kuteleza. Kama hela inaruhusu tafuta Long yenye bodi ya juu, hiyo tatizo hili linaisha na kabati za juu zinapata pa kukaa.

Jiko la pili, au hata la kwanza, liweke nyuma kwenye droo ya kuvuta. Ule mlango wa nyuma wa Hiace ukiufungua juu unakuwa kibanda, mvua ya Lushoto ikinyesha unakaanga mayai huku umekauka. Na harufu ya samaki inabaki nje, hilo usilidharau kama unalala humo.

Wakati wa kununua angalia haya. Usichanganye DX na Super GL, yaani toleo la starehe la Hiace hiyo hiyo, Super GL ni nzuri sana kuendesha na siti zake ni raha, lakini siti ya nyuma ikiwa wima unabaki na sakafu isiyofika mita 2, kwa hiyo kitanda na jiko vitagombana. Iliyokuwa daladala au matatu iache, sakafu yake imetobolewa kila mahali kwa nati za siti, vioo pande zote (joto lote hilo), na injini imekimbizwa miaka. Nyanyua kapeti pale kwenye ngazi ya mlango wa kuvuta, pitisha kidole kwenye ukingo, halafu nenda juu ya matairi ya nyuma ufanye hivo hivo, kutu ikiwepo huwa inaanzia hapo, hasa gari iliyokaa pwani. Mwisho nyanyua siti ya mbele uione injini, manake ndipo ilipo, chini yako, kwa hiyo ukijenga kitu chochote pale mbele hakikisha siti bado inanyanyuka, la sivyo siku ya kubadilisha oili utabomoa kabati.

Dizeli au petroli? Kwa safari ndefu na mzigo mi ni dizeli, ile 1KD ya lita 3.0, mradi uwe na historia ya matengenezo yake na ujue nozeli zake zikichoka ni hela nyingi. Kwa mtu wa wikiendi petroli ya lita 2.0 inatosha, milima ya Kitonga utapanda polepole, hakuna aliyekukimbiza.

Umeme na maji, kabla sijasahau, kwa sababu vinakula nafasi

Friji ndogo ya 12V ya lita 40 kwenye joto letu iwekee kama Wh (wati-saa) 400 kwa siku, taa, simu na laptop weka 250. Betri ya lithiamu ya 100Ah ina kama Wh 1,280, inakuvusha hata siku ya mawingu. Ile ya asidi ya 100Ah ukitaka idumu unatumia nusu tu, yaani Wh 600, na uzito wake ni kama mara mbili. Sola ya wati 200 juu ya bodi, kwa jua letu la saa kama 5 nzuri, inarudisha kitu kama Wh 700 kwa siku ukishatoa upotevu. Hesabu imefunga, huhitaji inveta kubwa kama sufuria ya ubwabwa wa harusi.

Maji chukua madumu mawili ya lita 20, hizo ni kilo 40, yakae chini karibu na mlango wa pembeni, sio nyuma kabisa baada ya ekseli. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae wima, na kwenye sanduku lake toboa tundu la hewa chini, chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni ulipolala. Usipike milango ikiwa imefungwa, na usilale bila kufunga vali ya mtungi. Naomba sana hapo. Plaiwudi tumia ya milimita 12 kwa kabati, shiti moja ya futi 8 kwa 4 ni kama kilo 20 kwa hiyo hesabu shiti, MDF, zile mbao za unga uliogandishwa, achana nazo, unyevu wa Dar unazivimbisha. Na neti ya mbu kwenye mlango wa kuvuta iwe ya sumaku au zipu, weka siku ya kwanza.

Namba 2: Nissan Caravan NV350

Hii ilitoka 2012, kwa nje iko sawa sawa na Hiace Long, na sakafu yake ya mizigo inazidi kidogo, kama mita 3.05. Bei mara nyingi inakuwa chini ya Hiace ya mwaka huo huo, so kwa nafasi unayopata kwa hela yako hii ndo inashinda. Kwa nini sio ya kwanza? Spea. Mijini zipo, ukitoka kidogo unaanza kusubiri basi lilete kifurushi. Kama safari zako ni Nairobi–Naivasha–Nanyuki chukua bila wasiwasi.

Namba 3: Hiace Super Long, bodi pana ya juu

Nafasi tamu kuliko zote. Sakafu inapita mita 3.5, upana ndani kama mita 1.7, mtu asiye mrefu analala kwa upana na hapo unabaki na mita 2 za jiko, kabati na hata choo cha kubebeka. Lakini ni mita 5.38 kwa 1.88, kwenye njia za Usambara ukikutana na lori utajuta, matawi ya miti yanakwangua bodi, na bei iko juu. Kwa familia yenye watoto wawili ndo ya kwanza.

Namba 4: Noah au Voxy

Kwa wawili wa wikiendi ambao gari hiyo hiyo inaenda kazini Jumatatu. Zile za 2014 kuendelea kimo cha ndani ni kama mita 1.4, inazidi hata Hiace ya bodi ya chini, na sakafu iko chini kwa hiyo mzee anapanda bila shida. Siti za mwisho zing'oe kabisa, zikikunjwa pembeni zinakula upana. Ubaya iko chini, barabara ya mabati, ile ya vumbi yenye mawimbi madogo, ya kuelekea mbugani itakugonga tumbo.

Namba 5: TownAce

Mtu mmoja, cc 1,500, sakafu kama mita 2, kitanda upande mmoja na kabati jembamba upande wa pili, basi. Mafuta kidogo, inaingia popote. Wawili hapana.

Alphard siipendekezi, unalipia starehe ambayo utaing'oa. Delica D:5 ya dizeli ina 4WD nzuri, ila huku kwetu fundi wake umtafute.

Walioko Kenya kumbukeni gari ya kuagiza isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, Tanzania ya zamani inaingia ila kuna ushuru wa uchakavu, kwa hiyo weka bei ya gari na ushuru kwenye karatasi moja kabla hujasema ni rahisi. Ukishang'oa siti peleka mabadiliko yaandikwe, TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya, na bima nao waambie kwa maandishi. Pia getini kwenye hifadhi KWS wa Kenya wanatoza gari kwa idadi ya siti na TANAPA wa Tanzania kwa uzito, kwa hiyo kadi yenye siti 3 na kabati jepesi vinakupunguzia kila unapoingia.