Uzoefu wangu: dawa ya madini na asidi kwenye plasta mpya ya bwawa

Bwawa lenyewe ni la kuogelea, la lita 50,000, Nyali, Mombasa, plasta nyeupe ya simenti na unga wa marumaru, umri wiki sita. Kuta zilikuwa zimepiga mabaka ya kijivu na sakafu ina ukoko kama ule wa ndani ya birika. Nilitumia vitu viwili: dawa ya kushika madini, ile ya asidi ya fosfoniki, kisha asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33. Dawa naipa nyota tatu. Asidi naipa tano, lakini kwa mwenye subira na glavu tu.

Kabla ya kununua chochote, ingia majini upapase. Pakikwaruza kiganja kama msasa, ni ukoko wa chokaa uliotoka kwenye maji. Pakiwa laini na rangi ipo, tatizo liko ndani ya plasta, au ni doa la chuma au shaba. Sugua kidogo kwa msasa wa maji namba 400: rangi ikitoka, imekaa juu, isipotoka, imo ndani. Usitegemee povu la asidi, maana marumaru ya plasta nayo hutoa povu. Doa la kahawia libanie kidonge cha vitamini C kwa dakika mbili. Likififia ni chuma, na mara nyingi hutoka kisimani. La kijani-samawati ni shaba, na hapa kwetu mara nyingi chanzo ni mrututu uliotiwa kuua mwani. Alama za majani ya mkungu zisikutie hofu, klorini huzififisha.

Maji ya kisima yalipimwa pH 8.4, alkali (kinga ya maji dhidi ya asidi) 180 na kalsiamu 550, zote mbili kwa miligramu kwa lita. Visima vyetu vimetoboa mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji hupanda na chokaa. Plasta changa nayo hutema chokaa yake na kuipandisha pH kila siku. Ongeza joto la pwani na klorini ya unga ya kalsiamu, ukoko hauna budi kushika.

Dawa ya madini huyashika madini yaliyomo majini yasitue. Ukoko uliokwisha kukaa karibu haiugusi, na hapo ndipo wauzaji wanapowapoteza watu. Nilitia lita moja na robo, nikapiga brashi kila siku kwa wiki mbili: maji yaling'aa, sakafu ikabaki vilevile. Klorini nyingi pia huivunja dawa hii, kwa hiyo usiitie siku unayopiga klorini kali.

Asidi ndiyo iliyofanya kazi, bila kumwaga maji. Toa ngazi za chuma, zima mashine ya chumvi (ile inayotengeneza klorini) na hita kama zipo, na usimruhusu mtu kuogelea. Kwa lita 50,000, lita moja ya asidi hii hushusha alkali kwa miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo 180 ilitaka lita 18. Nilizigawa kwa siku mbili. Tia maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, ndipo umimine asidi, kamwe si kinyume chake. Mwaga ukizunguka bwawa huku pampu inazunguka. Asidi na klorini ya unga visikutane hata kwenye ndoo iliyosuuzwa vibaya: gesi yake huua.

Alkali ikifika sifuri, pH hushuka chini ya 4.5 na ukoko huanza kulegea. Piga brashi asubuhi na jioni, pima kila siku, ongeza asidi kidogo alkali inaporudi, kwani ukoko unaoyeyuka huirudisha. Siku ya tano kiganja kiliteleza. Simama hapo hapo. Ukiendelea, asidi inaanza kula plasta yenyewe.

Kurudisha maji ndiko wengi wanakoharibu. Kalsiamu iliyoyeyuka imo majini bado. Ukimwaga magadi kwa pupa, maji yanakuwa maziwa na ukoko unatua tena. Nilitoa theluthi ya maji, nikajaza ya boza yasiyo ya kisima, kisha karibu kilo 7 za baikaboneti ya sodiamu kwa mafungu hadi alkali 80. Mdomo wa maji yanayorudi nilielekeza juu yavuruge uso, pH ikapanda yenyewe. Usilikaushe bwawa lote ukiwa karibu na ufuo wakati wa masika: maji ya ardhini yanaweza kulinyanyua.

Sasa dawa ya madini inafaa, kipimo kidogo kila wiki, pH ikikaa 7.2 hadi 7.6.

Mabaka machache ya kijivu, yaliyo laini, yamebaki. Hayo ni ya fundi: kloridi ya kalsiamu iliyozidi kwenye mchanganyiko, au maji yaliyonyunyizwa wakati wa kusugua kwa mwiko. Ukipiga plasta mpya, mwambie kloridi hiyo isizidi asilimia 2 ya uzito wa simenti, na bwawa lijazwe bila kusimama, mdomo wa mpira wa maji ukiwa umefungwa gunia na kuwekwa sehemu ya kina. Boza likichelewa katikati, mstari hubaki ukutani. Kwa siku 28 za mwanzo piga brashi mara mbili kwa siku na usitie chumvi.