Tahadhari: Kamera za "Zoom 16X" Kisumu na Nakuru

Wenzetu mnaotafuta kamera ya kwanza, jihadharini na wauzaji wa kamera ndogo zisizo na jina la kampuni, boksi limejaa maandishi: 4K, 48MP, 16X. Utaambiwa inafaa harusi, na kwamba flamingo wa Ziwa Nakuru utawapiga ukiwa mbali wakatoka safi. Huo ni uongo, na unawaumiza vijana wanaotaka kuanza kazi.

Hiyo 16X ni zoom ya kidijitali: kamera inakata katikati ya picha, kisha inaitanua. Ukivuta mara 2 umebaki na robo ya picha. Ukivuta mara 4, kamera halisi ya megapikseli 24 inabakiwa na 1.5 tu.

Zoom ya kweli ni ya vioo vinavyosogea ndani ya lenzi, na ushahidi umeandikwa kwenye ukingo wake. Tafuta namba mbili, kama 18-55mm au 4.3-43mm. Gawanya kubwa kwa ndogo: ya kwanza inavuta mara 3 hivi, ya pili mara 10. Ukikuta namba moja tu, mfano f=7.36mm, lenzi hiyo haina zoom, boksi liseme litakalo. Kisha washa kamera, piga bango la ng'ambo ya barabara bila zoom, halafu na zoom yote, ukuze picha zote mbili kwenye kioo cha kamera. Herufi zikivurugika, rudisha.

Kwa kamera za kubadilisha lenzi, "mara" isikuchanganye. 55-250mm ni mara 4.5 tu, lakini inafika mbali kuliko 18-55mm kwa sababu ya ile 250: mm zikiwa nyingi, lenzi inavuta mbali zaidi. Kataa pia lenzi ya "bonasi" ya 2.2X inayofungwa kwa kuzungushwa mbele ya 18-55mm. Inafifisha pembe za picha, inatia rangi za ajabu kwenye kingo, na uzito wake unailemea lenzi yako. Bei ikipandishwa kwa ajili yake, umeibiwa.

Ukinunua ya mtumba, vua lenzi, mulika tochi ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu (kuvu). Kitambaa hakiufikii, uko katikati ya vioo. Na kama ni Nikon D3400 au D3500, lenzi iwe imeandikwa AF-S au AF-P. Ile ya AF pekee haitajilenga yenyewe, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ya ndani ya kuilenga lenzi.

Usitume nusu ya bei eti mzigo unakuja na matatu. Lipa ukiwa umeshika kamera, umeijaribu, na jina la M-Pesa linalingana na la kwenye risiti. Kama tayari umetuma, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 sasa hivi kabla pesa hazijatolewa kwa ajenti, kisha uende kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi).