Kasiki za kale za Marekani kwa kuwekea asali: uzoefu wangu

Nazungumzia zile kasiki nzito za udongo mgumu, hasa za Red Wing, Minnesota. Naziwekea asali na nimeridhika nazo, ila si kila moja inafaa.

Ya galoni moja (lita 3.8) huchukua asali kilo 5.4 ikijaa pomoni. Mimi huishia kilo 5. Udongo wake ulichomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, ukashikamana hata kwa kawaida haunywi maji. Rangi ya kahawia ing'aayo ndani mara nyingi ni udongo wa Albany, New York, ulioyeyukia tanurini. Vyungu vyekundu vyepesi vya zamani zaidi viache vikae rafuni kama pambo: mng'ao wake aghalabu una risasi (madini yenye sumu), na asali, kwa kuwa ina asidi, huitoa.

Kabla ya kulipa, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele ni nzima. Ikitoa mlio mfu, ina ufa. Kisha ijaze maji na uiache juu ya gazeti saa 24. Hata ufa mwembamba kama unywele haufai, kwa sababu asali hujipenyeza humo, haisafishiki, na huchacha. Ukiona unga mweupe unatoka nje ya kasiki, hiyo iliwekewa nyama au mboga za chumvi na imeinywa. Iache.

Shida kubwa ni mfuniko. Ule wa mbao hufunika tu, hauzibi, na asali hunyonya unyevu wa hewani. Maji yakizidi asilimia 19 hivi, inaanza kuchacha. Ndiyo maana napenda zaidi kasiki za aina ya Weir, zenye hataza ya mwaka 1892: mfuniko wake hubanwa kwa waya. Nunua tu raba mpya ya kuzibia mfuniko. Kwa kasiki isiyo na kibanio, tandaza plastiki ya chakula juu ya asali yenyewe, ndipo ufunike.

Asali ikiganda, usiitumbukize kasiki kwenye maji ya moto; itapasuka. Iweke kwenye sanduku lenye joto la nyuzi 35 hadi 40, siku mbili au tatu.

Ya galoni tano sikushauri. Ikijaa hubeba asali kilo 27, huwezi kuiinua, na kila ukichota kijiko unaifungulia yote unyevu.